Kipimo cha Mpini

Mwaka 1930 Bobby Jones wa Atlanta alitwaa mataji yote manne makubwa ya gofu ya zama zake, mawili Uingereza na mawili Marekani, akitumia fimbo zenye mipini ya mbao. Mipini ya chuma ilikuwa imekwisha kuruhusiwa pande zote mbili za Atlantiki. Yeye akabaki na hikori, mti mgumu wa Amerika Kaskazini. Mipini ya hikori hailingani hata ikichongwa na mkono mmoja: huu hunepa upesi, ule hukaza, mwingine hujisokota kidogo ukiuzungusha. Jones alikusanya fimbo zake moja moja, akizipima kwa viganja tu na kuzikataa zisizomkubali. Inasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye zilipimwa kwa vyombo, zikaonekana kuwiana isipokuwa moja, na hiyo ndiyo iliyomsumbua siku zote. Naipenda sana simulizi hiyo, kwa sababu ufundi ninaotaka kuusifu ulianzia hapo, kwenye kiganja kinachojua.

Watu humsifu mpigaji, kisha kichwa cha fimbo, maana ndicho kinachong'aa. Kazi ya katikati haionekani. Mikono inapofika juu na kuanza kurudi, kichwa bado kinaelekea nyuma, na mpini unanepa. Ukikaribia mpira mambo hugeuka: uzito wa kichwa hauko kwenye mstari wa mpini, kasi inauvuta utoke nje, na mpini unanepa kwenda mbele. Kichwa na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja ya 2,000 ya sekunde. Hakuna mkono unaowahi kusahihisha kitu hapo. Mpini laini mno huelekea kuinua uso wa fimbo na kuufunga, mpira ukapaa na kukata kushoto kwa mpigaji wa mkono wa kulia. Mgumu mno, mpira mara nyingi hutoka chini, umeegemea kulia.

Nasema mara nyingi, kwa sababu mwili una akili yake. Mpe mtu mpini usiomfaa, na baada ya mipira kadhaa ataanza kubadili mwendo wake ili aufuate. Kizazi cha mchezaji gofu Byron Nelson kilipohamia kwenye chuma, kisichojisokota kama mbao, kilijifunza upya kupiga: miguu na nyonga zikachukua kazi iliyokuwa ya viganja. Wale walikuwa na siku nzima ya mazoezi na vipaji adimu. Mchezaji wa Jumamosi asibebeshwe mzigo huo. Mpini ndio umfuate yeye, na kazi ya fundi ni kuutafuta.

Haanzi na herufi. Mipini huandikwa L, A, R, S au X, kutoka laini hadi mgumu, lakini hakuna kipimo kimoja kinachoyafunga makampuni yote, na R ya huyu yaweza kukaza kuliko S ya yule. Wanaume wengi wamenunua X kwa sababu ya kiburi tu. Fundi hodari huufunga mpini kwenye jiliwa, huutikisa na kuhesabu mitetemo yake kwa dakika, ambayo kwa fimbo ndefu ya kuanzia shimo huwa karibu 250. Kisha huiacha hesabu hiyo ingoje, akamtazame mtu.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Wapigaji wawili wanaweza kufikisha kichwa kwenye mpira kwa kasi ileile, tuseme kilomita 150 kwa saa, na wakahitaji mipini tofauti kabisa. Mmoja hukusanya kasi polepole, akitulia kule juu kabla ya kushuka. Mwingine hushuka kwa kishindo, na mpini hupokea mzigo wote mara moja. Fundi hutazama mgeuko huo, ambao jicho lisilozoea hulipita. Huuliza pia mzigo unavyosikika mkononi, maana uzito hutangulia unyumbufu: mipini ya chuma ya fimbo fupi mara nyingi huwa gramu 95 hadi 130, ile ya nyuzi za kaboni kwenye fimbo ndefu gramu 50 hadi 70. Mpini mwepesi mno humharakisha mwenye papara. Gramu 2 tu zikiongezwa kichwani, mizani ya fundi husogea alama moja, na kuna mikono inayoligundua hilo hata kabla ya mpira kuwekwa chini.

Wengi wetu Afrika Mashariki tulianza na fimbo za kurithi, zilizochaguliwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine, na watoto wetu hupewa fimbo za wazee zilizokatwa. Kukata hufupisha mpini na wakati huohuo huukaza, kwa hiyo mtoto mwenye mikono myembamba huishia na fimbo ngumu kuliko ya baba yake, na kichwa chake ni kilekile kizito. Ningependa kila klabu yenye watoto uwanjani iwe na mtu mmoja aliyesomea kazi hii, mwenye jiliwa, mizani na saa moja ya kumtazama mtoto akipiga, kabla msumeno haujagusa kitu.