Matundu Matatu, Spika Sita: Sauti ya 5.1 Bila Kadi

Nenda duka lolote la kompyuta za mtumba mjini Nanyuki, uigeuze mashine moja ya mezani uitazame mgongoni. Nyingi zina matundu matatu ya sauti yaliyopangana: buluu juu, kijani katikati, waridi chini. Muuzaji atakwambia kijani ni la spika na waridi ni la maikrofoni. La buluu kwa kawaida halitajwi kabisa. Mnunuzi anaondoka akiamini kwamba akitaka sauti ya sinema, ile inayotoka mbele, kando na nyuma, itambidi anunue kadi ya sauti. Mara nyingi hahitaji. Matundu hayo matatu yanatosha.

Hesabu yake ni fupi. Pini ya milimita 3.5 ina ncha, pete na shina. Ncha hubeba chaneli ya kushoto, pete ya kulia, na shina ni njia ya kurudi. Kila tundu basi linabeba chaneli mbili, na matatu yanabeba sita. 5.1 nayo ni chaneli sita: mbili za mbele, moja ya katikati, mbili za nyuma, na moja ya mngurumo mzito.

Uwezo huu si mpya. Mwaka 1997 Intel ilitoa kanuni za AC'97 za sauti ya ubao mkuu wa kompyuta, kisha mwaka 2004 ikazibadilisha kwa zile za HD Audio, ambazo zinaruhusu programu kubadili kazi ya tundu: lililokuwa la kuingiza sauti likawa la kutoa. Chipu ya Realtek ALC888, iliyofungwa kwenye bodi nyingi za miaka hiyo, ina vigeuzi vya chaneli kumi. Yaani sinema nzima ilikuwa imelala ndani ya kompyuta ya ofisi iliyonunuliwa kwa ajili ya kuchapa barua.

Mfano wa kazi hii upo Likii, mtaa wa hapo Nanyuki, katika chumba kimoja cha kuonyesha filamu na mpira: kuta za mawe, paa la mabati, viti vya plastiki, projekta juu ya rafu. Mwenyewe alikuwa na kompyuta ya mtumba yenye chipu ya Realtek, na sabufa ya 5.1 aliyokuwa akiitumia na deki ya DVD. Deki ilikufa, sabufa ikabaki inacheza kwa waya mmoja wa tundu la kijani. Spika za nyuma zilikuwa zikirudia tu yaleyale ya mbele.

Bahati yake ilikuwa mgongoni mwa sabufa. Ilikuwa na matundu sita ya RCA, yameandikwa FL, FR, SL, SR, CEN na SUB. Hapa wengi hupotea. Zipo sabufa zinazouzwa kwa jina la 5.1 ambazo mgongoni zina jozi moja tu, nyekundu na nyeupe. Hizo hupokea chaneli mbili na kuzigawa kwa spika tano, na hakuna kompyuta itakayozisaidia. Geuza sabufa kabla ya kulipa.

Waya zilizohitajika ni tatu, zenye pini ya 3.5 upande mmoja na RCA mbili upande wa pili. Draiva ya jumla inayokuja na Windows mara nyingi hairuhusu kubadili kazi ya matundu, kwa hiyo iliwekwa ya Realtek yenyewe, na katika orodha ya spika ikachaguliwa 5.1. Papo hapo kijani likabaki la mbele, buluu likawa la nyuma, na waridi likawa la katikati pamoja na mngurumo. Maikrofoni ikahamia tundu la mbele ya kompyuta. Kwenye bodi yenye matundu matano au sita huhitaji kuhamisha kitu: jeusi ni la nyuma, la chungwa ni la katikati na mngurumo.

Likaja jaribio la spika moja moja. Mbele kushoto, sawa. Mbele kulia, sawa. Ilipofika zamu ya katikati, sabufa ikanguruma na spika ya katikati ikanyamaza. Huu ni ugonjwa unaojulikana: katika tundu lile moja, watengenezaji hawakubaliani ni ipi ikae kwenye ncha, katikati au mngurumo. Ndiyo maana draiva ya Realtek ina kisanduku cha kubadilishana hizo mbili. Unaweka alama, basi. Asiyejua hili huketi mwaka mzima akilalamika kwamba waigizaji wanaongea kutoka ndani ya pipa. Kwa wanaotumia Linux, amri ya speaker-test -c6 -t wav hutaja kila spika kwa sauti, na kosa hujulikana mara moja.

Halafu kuna faili lenyewe. Filamu yenye sauti ya chaneli mbili haitazaa sita. Draiva inaweza kunakili sauti ya mbele ikaipeleka nyuma, lakini huko ni kujaza, si kuzunguka. Tafuta faili lenye AC-3 au AAC ya chaneli sita, na hakikisha VLC haijawekwa kwenye stereo, maana itazikunja zote kuwa mbili. Kuhusu waya mmoja wa dijitali wa S/PDIF, sina mengi: hupitisha chaneli mbili tu za sauti isiyobanwa, na 5.1 hupita ikiwa tu imebanwa kwa Dolby Digital au DTS, tena upande wa pili kuwe na mashine ya kuifungua.

Kilichosumbua zaidi Likii ni umeme. Kila kitu kilipokwisha kuunganishwa, ulisikika mvumo usiokoma, ule wa hezi 50 za umeme wetu. Chipu ikalaumiwa. Kumbe king'amuzi cha mpira kilikuwa kimeunganishwa kwenye AUX ya sabufa hiyohiyo, na waya wa dishi ulikuwa umefika kwenye mlingoti wa chuma uliochimbiwa ardhini. Kompyuta nayo ilikuwa na ethi yake ya soketi. Ethi mbili zikakutana ndani ya sabufa na kufanya mzunguko. Waya za AUX zilipochomolewa, mvumo ukakata. Dawa ya kudumu ni transfoma ndogo ya kutenga sauti kwenye waya hizo mbili. Kukata pini ya ethi si dawa, ni hatari. Na kama ukigusa kasha la kompyuta linakutekenya kwa shoti, soketi haina ethi ya kweli; mwite fundi wa umeme kwanza, na uchomeke waya za sauti mashine ikiwa imezimwa.

Kuhusu mpangilio, kanuni ya kimataifa ya ITU huweka spika za mbele digrii 30 kila upande wa mtazamaji, na za nyuma kati ya digrii 100 na 120, yaani kando kidogo nyuma ya masikio. Pale Likii za nyuma zilikuwa zimepachikwa kwenye pembe za ukuta wa mwisho, zikiwapigia kelele wa safu ya nyuma peke yao. Zikasogezwa. ALC1220 ya bodi za kisasa hufikia desibeli 120 za usafi wa sauti, na ALC888 ya zamani takriban 97, lakini chini ya mabati, mvua ya Mlima Kenya ikianza, tofauti hiyo haisikiki.

Kwa hiyo fungua orodha ya spika kwenye kompyuta yako kabla ya kwenda dukani. Ukikuta stereo peke yake hata baada ya kuweka draiva sahihi, nunua kadi ya USB ya chaneli sita. Ukikuta 5.1, nunua waya tatu, na pesa itakayobaki itafutie spika nzuri ya katikati, kwa sababu maneno karibu yote ya filamu hupitia hapo.