Dinari ya Mfalme Offa na namna tunavyoisoma

Hakuna sarafu ya Kiingereza inayotajwa katika mabaraza yetu ya ughaibuni kuliko dinari ya Mfalme Offa. Ni kipande kimoja cha dhahabu, upana wake takriban milimita 20 na uzito wake gramu 4.28, nacho kimo British Museum, London, tangu mwaka 1913. Kimeandikwa Kiarabu pande zote mbili, shahada imo, na katikati ya upande mmoja yamepenyezwa maneno mawili ya Kilatini: OFFA REX, yaani Mfalme Offa. Huyu Offa alitawala Mercia, dola iliyokuwa na nguvu kuliko zote katika Uingereza ya zama zile, kuanzia mwaka 757 hadi 796 Miladia. Basi swali linakuja lenyewe: mfalme Mkristo wa nchi ile ya mbali alikuwa na shughuli gani na maneno hayo?

Majibu mawili ndiyo yanayozunguka. La kwanza ni la wakusanyaji wengi wa sarafu za Kiingereza: maandishi ya Kiarabu ni pambo tu, yaliigwa bila kujulikana, hayana haja ya kusomwa. La pili limeenea kwetu sisi, na kila mwaka nalisikia katika mihadhara na mazungumzo ya misikitini: Offa alisilimu, na Waingereza wakaificha habari hiyo. Makala haya yanayapinga yote mawili. La kwanza linaifanya sarafu kuwa bubu, la pili linaisemesha lisilokuwamo. Na sababu ya makosa yote mawili ni moja: wasemaji hawakuisoma sarafu yote, wala hawakuiweka pamoja na sarafu nyingine.

Sarafu yenyewe inasema nini

Upande wa kwanza, katikati, kuna tamko la tauhidi pamoja na kukanusha kwamba Mwenyezi Mungu ana mshirika. Pembezoni, kwa mzunguko, kuna sehemu ya aya ya 33 ya Surat at-Tawba. Upande wa pili, katikati, kuna mistari mitatu mifupi ya kumshuhudia Mtume, na baina ya mistari hiyo ndipo yalipobanwa maneno OFFA REX. Pembezoni mwa upande huo mna jina la Mwenyezi Mungu, kisha habari kwamba dinari hii ilipigwa mwaka 157.

Mwaka 157 wa Hijria ulianza Novemba 773 na kumalizika Novemba 774. Wakati huo khalifa alikuwa Abu Jaafar al-Mansur wa Bani Abbas, aliyetawala kuanzia 136 hadi 158 Hijria. Hapa pana jambo linalopotea mara kwa mara. Utasikia ikisemwa kwamba sarafu hii ina jina la al-Mansur. Haina. Dinari za dhahabu za zama zake hazikuandikwa jina la khalifa wala la mji zilimopigwa. Tunamjua khalifa kwa njia moja tu, nayo ni kuusoma mwaka. Asiyejua kusoma Kiarabu hana budi kumtegemea anayejua, na akimnukuu vibaya, kosa linapita kutoka kitabu hadi kitabu.

La pili linalopotea ni tarehe. Wengi huandika kwamba sarafu hii ni ya mwaka 774. Huo ni mwaka wa dinari iliyoigwa, si mwaka wa kuigwa kwake. Dinari ya mwaka 157 ingeweza kufika Mercia mwaka huo huo au miaka kumi na tano baadaye, na fundi wa Offa angenakili mwaka ule ule alioukuta. Tunachoweza kusema kwa haki ni kwamba sarafu ilipigwa baina ya 773 na kufa kwa Offa mwaka 796. Ni nafasi ya zaidi ya miaka ishirini, na si haki kuifunga kwa tarakimu moja kwa sababu tu tarakimu moja inapendeza katika jedwali.

La tatu ni mkao wa maandishi. Ukiisimamisha sarafu ili jina la mfalme lisomeke, Kiarabu kinageuka kichwa chini, na ukikisimamisha Kiarabu, mfalme ndiye anayesimama kwa kichwa. Tena baadhi ya herufi zimekosewa, kama zinavyokosewa na mkono unaofuata umbo bila kujua sauti yake. Lakini tusimdharau fundi. Sarafu za fedha za Offa ni miongoni mwa kazi nzuri kuliko zote za zama zake: zina sura ya mfalme iliyochongwa kwa ustadi, na nyingine zina jina la mkewe, Cynethryth, malkia pekee wa Waanglo-Saksoni aliyetajwa katika sarafu. Mafundi wenye uwezo huo wangeweza kumpigia mfalme wao dhahabu yenye sura yake. Hawakufanya hivyo. Walikusudia kitu kifanane na dinari.

Kasoro ya wakusanyaji

Ukusanyaji wa sarafu za kale za Kiingereza ni mchezo wenye elimu ndani yake, nami nawahimiza vijana wetu wanaoishi Uingereza wauingie. Una nidhamu yake. Katalogi inayotolewa kila mwaka na nyumba ya Spink, iliyoanzishwa na Seaby, inazipanga sarafu kwa wafalme, kisha kwa madini na thamani, na kila moja ina namba yake na bei yake kulingana na hali yake. Mtu akishika shilingi iliyofutika nusu, herufi chache zilizobaki zinaweza kumpa jibu. Akiona IND IMP, cheo cha Kaisari wa India, anajua kwamba sarafu ya Mfalme George wa Sita aliyoishika ni ya kabla ya 1949. Akikuta florini ya 1849, anajua kisa chake: yaliachwa maneno ya kumtaja Mungu kwa Kilatini, watu wakapiga kelele, na florini zilizofuata zikayarudisha.

Sasa tazama ajabu hii. Mkusanyaji huyo huyo, anayejua kisa kizima cha maneno mawili yaliyokosekana mwaka 1849, akifika kwenye dinari ya Offa anaona maneno mazima ya dini nyingine na kuyapita kana kwamba ni maua. Kanuni aliyofundishwa, kwamba kila herufi ya sarafu ni ushahidi, inaishia pale alfabeti yake inapoishia. Sisemi kwamba wanazuoni wa Kiingereza hawakuisoma. Waliisoma, na bila ya kazi yao tusingekuwa na la kujadili. Nasema juu ya mazoea ya mchezo wenyewe, ambayo humfundisha kijana kutafuta kichwa cha mfalme kwanza, tarehe baadaye, bei mwisho. Sarafu isiyokuwa na kichwa, yenye tarehe ya Hijria, na isiyouzwa kwa kuwa iko moja tu, haina mahali katika mpango huo.

Kasoro yetu

Hata hivyo, kasoro ya kwetu ni kubwa zaidi, kwa kuwa sisi kusoma tunajua. Hoja ya wanaosema Offa alisilimu ni kwamba hakuna mfalme anayeruhusu jina lake liwekwe pamoja na shahada asiyoiamini. Hoja hiyo inadhani kwamba kila kilichoandikwa katika sarafu ni tamko la moyo wa aliyeipiga. Sarafu za Kiingereza zenyewe zinaikanusha.

Wafalme wa Uingereza walijiita wafalme wa Ufaransa tangu Edward wa Tatu alipodai ufalme huo mwaka 1340, na cheo hicho kikaendelea kuandikwa katika sarafu zao hadi George wa Tatu alipokiacha mwaka 1801. Karne nzima ya kumi na nane Mwingereza alikuwa na sarafu mfukoni inayomtangaza mfalme wa London kuwa mfalme wa Paris. Je, tuandike kwamba George wa Pili alitawala Ufaransa?

Au tuchukue mfano ulio karibu nasi. Wazee wetu wa Unguja na Maskati waliijua reale ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Aliyekufa mwaka 1780 hakuacha kupigiwa sarafu: wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Arabuni na Uhabeshi hawakuitaka fedha nyingine, basi ikaendelea kupigwa kwa sura ile ile na mwaka ule ule wa 1780. Kuanzia 1936 ilipigwa hata London, katika kiwanda cha sarafu cha mfalme wa Uingereza. Fundi wa London hakuwa raia wa Maria Theresa, wala mwaka haukuwa 1780. Alinakili kile ambacho soko lilikiamini, na mwaka wenyewe ulikuwa sehemu ya uaminifu huo.

Hata ile paisa ya Mombasa ya kampuni ya Kiingereza, yenye 1888 kwa hesabu ya Miladia na 1306 kwa hesabu ya Hijria, iliwekewa mizani, alama ambayo watu wa pwani walikwisha kuizoea katika paisa za Sayyid Barghash za mwaka 1299. Mgeni anayetaka fedha yake ipokewe huivalisha nguo inayojulikana.

Na pana mfano mmoja unaoipima dhana ya kusilimu kuliko yote. Alfonso wa Nane, mfalme wa Castile katika karne ya 12, alipiga dhahabu kwa Kiarabu mjini Toledo kwa kuwa dhahabu ya Waislamu ilikuwa imekatika na soko liliizoea. Lakini Alfonso alikuwa na watu wanaokisoma Kiarabu. Kwa hiyo aliacha lugha na akabadilisha maneno: akamtaja Papa kuwa imamu wa kanisa, na yeye mwenyewe kuwa amiri wa Wakatoliki. Huyo ni mfalme aliyejua alichokiandika. Angalijua Offa, ama angalibadilisha maneno kama Alfonso, au, kama kweli alisilimu, asingaliweka jina lake kichwa chini baina ya maneno ya kumshuhudia Mtume, kwa herufi zilizokosewa. Ushahidi tunaouita wetu ndio unaotushuhudia kinyume.

Kwa nini basi dinari?

Jawabu linaloshikamana zaidi na ushahidi ni la biashara na heshima. Tangu Abd al-Malik bin Marwan alipotengeneza sarafu za Kiislamu mwaka 77 Hijria, dinari ilishika uzito wa mithqali moja, kama gramu 4.25, na watu wa Bahari ya Kati, Waislamu na wasio Waislamu, waliipokea bila ya kuuliza. Ulaya ya kaskazini wakati huo ilikuwa ikipiga fedha, si dhahabu. Aliyetaka dhahabu inayopokewa Italia alikuwa na kielelezo kimoja mbele yake. Offa alikitumia, na akaulinda uzito wake.

Tunajua pia kutokana na barua ya Papa Leo wa Tatu kwa mfalme Coenwulf wa Mercia kwamba Offa aliahidi kupeleka Roma kila mwaka mancus 365, moja kwa kila siku. Mancus lilikuwa jina la sarafu ya dhahabu, na thamani yake ilihesabiwa kuwa peni 30 za fedha. Dinari yetu yasemekana ilinunuliwa Roma katika karne ya 19, ikawa mali ya Duc de Blacas wa Ufaransa. Wengi wameunganisha mambo haya mawili, nao muunganiko huo una nguvu, ingawa kipande kimoja hakitoshi kuthibitisha malipo ya kila mwaka.

Jina lenyewe, mancus, limewagawa wanazuoni. Philip Grierson alilitafutia asili katika Kilatini, kwa maana ya kitu pungufu. Wengine wanalirudisha kwenye Kiarabu, manqush, yaani kilichochongwa. Mimi niko pamoja na hawa wa pili, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi hapa: ni mzizi ule ule uliotupa nakshi, tunayoitazama katika milango ya Mji Mkongwe. Dhahabu yenye nakshi ya maandishi pande zote, bila sura ya mtu, ilistahili kabisa kuitwa hivyo na watu waliozoea sarafu zenye vichwa.

Hapa ndipo penye fahari ya kweli, nayo haihitaji kutiwa chumvi. Katika karne ya nane, fedha iliyopigwa katika nchi za Kiislamu iliaminika hata mfalme wa Mercia akaona hana njia bora ya kufanya dhahabu yake ipokewe ila kuiiga, pamoja na dini yake, mwaka wake na uzito wake. Jambo hilo linathibitika kwa mizani na kwa macho. Tukiliacha na kushika hadithi ya mfalme aliyesilimu kwa siri, tunabadilisha kilicho hakika kwa kisicho na msingi, na siku kijana wetu atakapoisimulia hadithi hiyo mbele ya mwalimu wake wa historia, atarudi amevunjika moyo. Kisha hata yale tuliyomweleza kwa haki atayatilia shaka.

Kwa hiyo anayetaka kuanza kukusanya na azipime sarafu zake kabla ya kuzitaja, asizisugue, asome maandishi ya katikati na ya pembezoni pande zote mbili, na atenganishe mwaka ulioandikwa na mwaka wa kupigwa. Anayejua alfabeti mbili na kalenda mbili ana chombo ambacho wakusanyaji wengi wa nchi hii hawanacho. Dinari ya Offa ilingoja zaidi ya miaka elfu moja ili wapatikane wa kuisoma pande zote mbili. Haistahili kusomwa nusu na wale wanaoweza kuisoma yote.