Masada kwa Sikio la Mtwara

Ukisikiliza Alef, albamu ya kwanza ya kundi la Masada iliyorekodiwa New York mwaka 1994, angalia kwanza ala zisizokuwamo. Hakuna piano wala gitaa. John Zorn anapuliza saksofoni ya alto na Dave Douglas tarumbeta. Greg Cohen yuko kwenye besi, Joey Baron kwenye dramu. Ndivyo Ornette Coleman alivyopanga kundi lake lililotikisa jazz mwaka 1959: wapulizaji hawana ala ya kuwachorea njia, kila mmoja anakwenda anakovutwa na sauti.

Zorn aliukusudia muziki huu uwe wa Kiyahudi. Uyahudi wake basi uko wapi? Uko kwenye ngazi ya sauti. Kutoka sauti ya kwanza hadi ya pili ni nusu hatua. Kisha unakuja mruko wa hatua moja na nusu. Msikilizaji wa Mikindani hatashtuka. Mruko huo ndio unaoibeba maqamu ya Hijazi, na sikio la pwani limeuzoea kwenye adhana na kwenye taarabu.

Nyimbo zenyewe zina kiini kifupi. Saksofoni na tarumbeta hukitamka pamoja, karibu kwa pumzi moja, kisha huachana: huyu anaanza kauli, mwenzake anaidakia kabla haijaisha. Chini yao Cohen anarudiarudia kipande kifupi cha besi, na Baron mara nyingine huweka fimbo chini akapiga dramu kwa viganja.

Aliyekulia kwenye sindimba, ngoma ya Wamakonde, ataitambua kazi hiyo upesi. Vinganga, zile ngoma ndogo, havichoki kurudia. Ngoma kubwa ndiyo inayosema, inachokoza, inakatiza, na mchezaji anaijibu kwa kiuno. Uhuru wa ngoma kubwa unatokana na vinganga kutobanduka mahali pake. Masada nayo ni hivyo hivyo. Tunamsifu Zorn kwa kubuni papo kwa papo, lakini anayemruhusu kubuni ni Cohen.

Kasoro ipo. Kwenye nyimbo za kasi, Zorn huikaba alto hadi ipige ukelele, na ukelele huo hudumu kuliko hoja yake. Kiini kinaporudi mwishoni, kinarudi kama mgeni aliyekuja kuaga tu. Nyimbo za taratibu ndizo zinazofaulu: kila anachobuni Douglas bado kina ladha ya ule mruko, nawe huwezi kuonyesha pale jadi inapokoma na jazz inapoanza.

Bendi zetu zina uzoefu wa kuchota kwenye ngoma. Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, ilichukua Sikinde kwa Wazaramo. Vijana wa Mtwara wanaotaka kuiingiza sindimba kwenye bendi wasianze kwa kugombea gitaa la solo. Wamtafute kwanza mpiga besi atakayekubali kuwa kinganga.