Pongezi kwa mafundi wa Dumila

Dumila ndipo barabara ya kwenda Kilosa inapochepuka kutoka ile ya Morogoro–Dodoma. Mbele yako kuna joto la bonde na mlima wa kuelekea Gairo, na hapo ndipo gari la dizeli lenye tatizo hufichua ugonjwa wake.

Nawapongeza mafundi wa hapa kwa sababu wanatafuta chanzo kabla ya kushika spana. Fundi mzuri anasubiri injini ipoe. Anauliza: gari linachemsha likipanda mlima, au hata likisimama? Likichemsha kwenye foleni tu, anaanza na feni. Likichemsha mlimani, anashuku rejeta iliyoziba au thamostati isiyofunguka. Kisha anawasha injini ikiwa baridi na kubinya mpira wa juu wa rejeta. Ukikakamaa mapema na mapovu yakatoka mfululizo kwenye maji, moshi wa silinda unapenya. Huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe imepasuka. Kubadilisha rejeta hapo ni kupoteza fedha.

Dereva mwenzangu, usifungue mfuniko wa rejeta ya moto. Na fundi akigundua tatizo, mlipe kazi ya kugundua, hata kama hakubadilisha kifaa chochote.