Kamba ya Wanyoike na Mabawa ya Netflix

Mara mbili mwaka huu nimesikia pendekezo lile lile: tukusanye vijana wenye ulemavu huku Meru na Embu, tutafute projekta, tuwaonyeshe Rising Phoenix "wapate motisha". Nikaamua kuitazama tena, safari hii nikijiuliza itamfaa nani.

Filamu hii ya 2020, iliyoongozwa na Ian Bonhôte na Peter Ettedgui, inatuletea wanamichezo wa Paralimpiki kama sanamu za Kigiriki, mwanga ukiwapiga ubavuni na muziki ukipanda. Inapendeza, sikatai. Bebe Vio, Mwitaliano anayecheza fensingi kwenye kiti cha magurudumu, ana ucheshi wa kumtoa nyoka pangoni. Halafu yupo Jean-Baptiste Alaize, aliyepoteza mguu akiwa mtoto mdogo kwenye vita vya Burundi, akalelewa Ufaransa na kuwa mrukaji. Huyo ndiye jirani yetu, na ndiye niliyetaka kukaa naye zaidi. Kati ya mtoto wa Burundi na mrukaji wa Ufaransa kuna mguu bandia, kuna kocha, kuna mtu wa kumpeleka mazoezini. Yote hayo ni pesa na watu. Filamu inapenda zaidi machozi na medali.

Shida yangu ni hiyo. Hadithi ikiwa daima ni ya mtu mmoja aliyeushinda mwili wake, basi asiyefika uwanjani ataonekana hakujitahidi. Magazeti yetu yanafanya vivyo hivyo kila baada ya miaka minne, na vichwa vya "ashinda ulemavu". Ashinde vipi? Ulemavu haukuwa kwenye mashindano.

Sisi wenyewe tuna hadithi bora, na haijahitaji mabawa. Sydney, mwaka 2000. Henry Wanyoike wa Kikuyu, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kiharusi, anakimbia mita 5,000. Mwongozaji wake anaugua, nguvu zinamwishia wakiwa wanaelekea kumaliza. Sheria haimruhusu Wanyoike amwache, na mwongozaji hawezi kutangulia kuvuka mstari. Kwa hiyo asiyeona anamvuta anayeona hadi mwisho, na anachukua dhahabu. Miaka minne baadaye huko Athens, akiongozwa na rafiki yake wa utotoni Joseph Kibunja, alishinda mita 5,000 na 10,000.

Huwa tunaisimulia hadithi ya Sydney kama kichekesho kitamu. Mimi naiona kama uhakiki wa Rising Phoenix uliofanywa miaka 20 kabla ya filamu yenyewe. Pale, mchezo ni watu wawili na kipande cha kamba. Mmoja akikosekana hakuna mbio, hata mwingine awe na moyo wa simba.

Sasa rudi huku kwetu. Igoji kuna shule ya wasioona ya St. Lucy's. Kaaga kuna shule ya viziwi, na Embu kuna St. Luke's. Hakuna anayeweza kudai kwamba vijana hawa hawajulikani waliko. Lakini mabango ya mashindano ya mtaani ninayoyaona kwenye nguzo za stima huwa na picha ya mheshimiwa, kombe, jezi na mipira, basi. Sijawahi kuona bango lililoandika kwamba refa atakuwa na kibendera. Kibendera tu! Mchezaji kiziwi hasikii filimbi, lakini bendera ikipepea anaiona. Soka ya wasioona nayo inataka mpira wenye njuga ndani, golikipa anayeona, mtu wa kuelekeza nyuma ya goli, na mashabiki wanaojua kunyamaza. Hilo la mwisho huenda ndilo gumu zaidi kwa Wameru, nasema hivi kwa upendo.

Na kuna ardhi. Tunaishi mgongoni mwa mlima, viwanja vyetu vingi vina upande wa juu na upande wa chini, na mvua ikinyesha udongo mwekundu unashika gurudumu kama gundi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, kifungu cha 28, iliwapa haki ya kutumia viwanja vya serikali bila malipo. Vizuri. Bure langoni. Lakini kutoka Igoji hadi Kinoru si bure, na mara nyingi nauli ni ya wawili, pamoja na kile kiti ambacho makanga fulani atakihesabu kama gunia la viazi. Kijana anayechuma miraa Maua ili nyumbani wale naye hana Jumamosi ya kuchezea. Huyo hana ulemavu wowote, na bado hatamwona kocha. Motisha ya saa mbili gizani haitamlipia siku aliyokosa kibarua.

Nisiionee filamu. Ina sehemu mbili ambazo zingeitoa kwenye ushairi wake. Moja ni Rio 2016, pale inapoonyesha jinsi michezo ile ilivyokaribia kuanguka kwa sababu fedha zilikuwa zimekauka. Ghafla mashujaa wanaacha kuwa sanamu, wanakuwa watu wanaosubiri mtu fulani atie sahihi. Kila Mkenya anaielewa subira hiyo. Ya pili ni Stoke Mandeville, Uingereza, 1948: daktari Ludwig Guttmann, nyasi za hospitali, wanamichezo 16 na mishale. Kila kitu kilianzia hapo, kwenye uwanja wa hospitali, kwa sababu mtu alipanga ratiba na kuleta vifaa.

Kwa hiyo ndiyo, leteni projekta. Ila wasiwe vijana wenye ulemavu peke yao kwenye viti vya mbele. Waalikeni marefa, makanga wa Meru–Embu, wanaochapisha yale mabango, na yule jamaa wa mbio ndefu anayepita Makutano kila alfajiri peke yake, vifaa masikioni, mkono mmoja ukiwa hauna kazi.