Fundi Apimaye Vyuma

Wachezaji wengi wa gofu huchagua seti ya vyuma kwa macho. Kichwa kinang'aa, jina la kampuni linafahamika, muuzaji anaapa kwamba chuma namba 7 cha mwaka huu kinafika mbali kuliko cha mwaka jana. Basi, pesa zinatoka. Anayesahaulika katika biashara hiyo ni fundi wa kupima, yule mwenye jiriwa ya kukunjia shingo za vyuma, rula, mizani na utepe, ambaye humtazama mtu anavyosimama na anavyopiga kabla ya kutamka neno lolote la bei. Huyu ndiye nitakayemsifu hapa, kwa sababu kazi aliyoianza mhunzi ni yeye anayeimaliza. Chuma kinapotoka kiwandani hakijawa chombo cha mtu yeyote. Kimekadiriwa kwa mchezaji wa wastani, na mchezaji huyo hajapata kuonekana uwanjani.

Tuanze na namba yenyewe, maana ndiyo inayowapumbaza wengi. Hakuna kanuni ya gofu inayosema uso wa namba 7 ulale digrii ngapi. Kizazi kimoja nyuma, uso huo ulilala digrii 34 au 35. Leo, katika seti zinazotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza, utaikuta namba 7 ya digrii 28 hadi 30, mlalo ambao zamani ungekaribia wa namba 5. Hivyo sehemu kubwa ya ule umbali unaosifiwa dukani imetokana na kugonga namba mpya juu ya fimbo ya zamani. Watengenezaji wana utetezi wao, na si wa uongo: uzito wa vichwa vya leo umeshushwa chini, mpira unapaa haraka zaidi, kwa hiyo uso usipolala kiasi hicho bado utapata kimo. Sawa. Lakini gharama inalipwa mwisho wa seti. Fimbo ya mwisho ya seti hiyo, ile ya mipigo mifupi, imeshuka hadi digrii 43, ilhali fimbo ya mchangani bado iko digrii 56. Kati yake kuna pengo la digrii 13, mahali ambapo digrii 4 au 5 ndiyo nafasi ya kawaida. Mchezaji amepata mita kumi asizozihitaji, akapoteza mipigo ya karibu na shimo anayoihitaji katika kila duru. Naye, kwa mujibu wa kanuni, haruhusiwi kubeba zaidi ya fimbo 14. Fundi mzuri huanza kuhesabu kutoka fimbo fupi kwenda ndefu. Muuzaji huanzia upande wa pili.

Kipimo ambacho wengi hawajawahi hata kukitazama ni pembe inayofanywa na mpini na ardhi. Mkulima mrefu hakubali jembe la mpini mfupi, maana anajua mgongo ndio utakaolipa. Mcheza gofu hununua lolote alilopewa. Kichwa kikitua kwa kisigino huku ncha imeinuka, uso huelekea kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia, hata akiwa ameilenga bendera sawasawa. Kisigino kikiinuka na ncha ikazama, mpira unakwenda kulia. Na kosa hilo huongezeka kadiri uso unavyolala zaidi, kwa hiyo zinazoathirika mno ni fimbo fupi, zile zile tunazozitegemea kwa shabaha. Chukua chuma cha mlalo wa digrii 33: pembe ya mpini ikikosewa kwa digrii 2 tu, mpira wa mita 140 utaangukia mita 3 hadi 4 pembeni ya ulikolenga. Atakayeona ni kidogo akumbuke kwamba shimo lina upana wa milimita 108. Fundi huligundua tatizo hili kwa vitu vya bei ya chai. Anabandika utepe chini ya soli, anamwambia mchezaji apige kutoka juu ya ubao mgumu, kisha anausoma mkwaruzo. Ukiwa karibu na kisigino, shingo inakunjwa ili mpini ulale kidogo. Ukiwa kwenye ncha, mpini unasimamishwa. Au anachora mstari wa wino juu ya mpira, anauelekeza mstari wima mbele ya uso wa fimbo, na baada ya mpigo anatazama ulivyojichapa kwenye chuma: umesimama, au umelalia upande. Hapo mchezaji hana la kubishia.

Ufundi huu una nasaba ndefu. St Andrews, huko Scotland, vichwa vilifuliwa kwa nyundo, na Tom Stewart, aliyegonga alama ya kiko kwenye kazi zake, ni mmoja wa wahunzi ambao vyuma vyao vilitumiwa na Bobby Jones, Mmarekani aliyetwaa mataji yote makubwa manne ya wakati ule mwaka 1930. Siku hizi sifa ya kufua imehamia zaidi Japani, hasa mkoa wa Hyogo karibu na Himeji, ambako chuma laini chenye kaboni ya takriban asilimia 0.2 hufuliwa kikiwa chekundu, kisha kikanolewa kwa mkono. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyekuwa akifanya kazi General Electric nchini Marekani, alikuja na swali lingine: uzito urundikwe katikati kwa nini, ikiwa wapigaji wengi hawapigi katikati? Akausukuma kwenye kingo, akaacha uwazi mgongoni mwa kichwa, na badala ya kufua akasubu chuma kalibuni. Kichwa cha namna hiyo hakijipindi sana mpira unapogongwa karibu na ncha, na umbali haupotei sana. Kampuni yake, Ping, ndiyo pia iliyoweka doa la rangi kwenye vyuma: jeusi kwa pembe ya kawaida, jekundu kwa mpini uliolala, la buluu kwa uliosimama. Kwangu mimi doa lile ni mchango mkubwa kuliko ule uwazi wa mgongoni, kwa kuwa lilikiri hadharani kwamba mwili wa mnunuzi ni sehemu ya mchoro wa mhandisi. Ubishi wa kufua na kusubu umekuzwa kupita kiasi. Chuma cha kufuliwa hukunjika kwa urahisi zaidi, na hilo ni jambo la maana kwa fundi. Mengine mengi ni raha ya mkono na sikio. Anayeiga vyuma vyembamba vya Tiger Woods bila kuwa na mpigo wake amejinunulia adhabu. Nyunyiza poda usoni mwa fimbo, piga mara kumi, uone madoa yametapakaa wapi.

Wapinzani watamtaja Seve Ballesteros. Mhispania huyo, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alijifunza utotoni kwenye ufukwe wa Pedreña akiwa na chuma namba 3 kimoja. Watataja pia makedi wa Afrika Mashariki walioanza na fimbo ya kuokota na wakaishia kuwa wachezaji wa kulipwa. Hoja hii ni nzito. Inathibitisha kwamba mwili wa mtoto mwenye muda mwingi unaweza kujifinyanga kwa chombo chochote. Haithibitishi kwamba karani wa miaka 45 anayecheza Jumamosi ataweza hivyo, na Ballesteros mwenyewe alipoingia mashindanoni hakubeba fimbo moja. Wengine husema afadhali kusubiri, kwa vile mpigo utabadilika ukipata mwalimu. Ni kweli utabadilika, lakini urefu wa mikono na umbali wa kiganja kutoka ardhini havibadiliki. Zaidi ya hapo, fimbo isiyokufaa nayo ni mwalimu. Ile inayotupa mpira kushoto humfundisha mtu kuzuia mikono yake isigeuke, na tabia hiyo mwalimu atahangaika nayo miezi mingi.

Halafu kuna ardhi, ambayo katalogi za Marekani haziwezi kutusaidia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira hufika mbali kwa takriban asilimia 6: mpigo wa mita 150 pale Nyali, Mombasa, unaweza kukaribia 159. Mchezaji wa nyanda za juu hana njaa ya umbali. Shida yake ni kuusimamisha mpira, na uso ulionyooshwa ili kufika mbali unamwongezea shida hiyo. Tena kuna nyasi ya kikuyu, mzaliwa wa nyanda zetu, iliyosambaa hadi uwanja wa Riviera huko Los Angeles. Hushika shingo ya fimbo na kuugeuza uso kabla mpira haujaondoka, kwa hiyo uzito wa kichwa na umbo la soli si mapambo. Kwenye udongo uliolowa kwa masika, soli pana huzuia fimbo isizame. Kwenye ardhi kavu na ngumu, soli hiyo hiyo inaweza kudunda na kuupiga mpira tumboni.

Limebaki suala la pesa. Wengi wetu tutanunua vyuma vya mtumba, na hapo ndipo kipimo kina faida kubwa zaidi, kwa kuwa seti iliyotumika imebeba mikunjo ya mwenyewe wa kwanza. Kukunja shingo na kubadilisha mshiko ni kazi ndogo ukilinganisha na bei ya seti mpya. Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji akuandikie mlalo wa kila uso, pembe ya kila mpini, urefu wake na uzito wake. Asipovijua vipimo hivyo na hana wa kuvipima, rudisha fimbo mahali pake uende kwa anayejua.