Prado Inakunywa Mafuta au Inakosea Kilomita?

Mtu akitoka kwa fundi na Prado iliyofungwa matairi ya 265/70R17 mahali palipokuwa na 265/65R17, hata tangi la pili haliishi kabla hajaanza kulalamika kwamba gari linakunywa mafuta. Tuseme dashibodi iliyozoea kumwonyesha kilomita 10 kwa lita sasa inasoma 9.4. Lawama zote huangushiwa uzito wa tairi. Kabla ya kukubali hukumu hiyo, tuzikague kwanza hizo kilomita.

Namba za ubavuni zinatosha kuanzia. 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu wa tairi la awali ni milimita 172.25. Zidisha mara mbili, ongeza rimu yenye milimita 431.8, unapata kipenyo cha 776.3. Tairi jipya linafika 802.8, yaani limezidi kwa asilimia 3.4. Lilalie chini ya uzito wa gari, lipunguze upepo kidogo, milimita zitashuka kwa yote mawili lakini uwiano huo hautayumba sana.

Gari halina macho ya kuona barabara. Sensa zake huhesabu mizunguko, na kompyuta huizidisha kwa mzingo wa tairi lililotoka nalo kiwandani. Tairi likibadilishwa, hakuna anayeiarifu. Kila mzunguko sasa unalisogeza gari karibu sentimita 8 zaidi, na hizo haziandikwi popote. Ni hasara ya muuza vitambaa ambaye fimbo yake ya yadi imerefuka kwa inchi moja na ushei: nguo inatoka, daftari halioni.

Kwa hiyo safari ya kilomita 500 husomeka kama 483.5. Ikiwa imetumia lita 50, jibu la kweli ni 10, lakini dashibodi itatoa 9.67 bila tone moja kuongezeka. Turudi sasa kwa mlalamikaji wetu. Ile 9.4 yake ukiizidisha kwa 1.034 inakuwa 9.72. Zaidi ya nusu ya mafuta anayoyalilia hayakuunguzwa na injini yake.

Iliyobaki ni halali. Gurudumu zito hudai nguvu mara mbili kila gari linapoondoka, kwa kuwa linasukumwa mbele na papo hapo linazungushwa. Foleni za mjini ndizo zinazoumiza. Gari lililoinuka hukamata upepo zaidi. Tairi la mpira mnene na meno makubwa ya matope huongeza ukinzani, na hapo pengo la kweli linaweza kukua sana. Upande wa gia mambo yana sura mbili: kwa mwendo uleule injini huzunguka taratibu kwa kama asilimia 3, jambo linaloweza kusaidia kwenye tambarare. Ukifika mlima kama Kitonga, giaboksi ya otomatiki itashuka gia mapema na kile ulichookoa kikaondoka.

Kupima mwenyewe si kazi kubwa. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, safiri mbali, rudi kujaza pampu ileile, kisha gawanya kilomita za GPS kwa lita zilizoingia. Lita hizo ziamini kuliko za dashibodi, ambazo kompyuta huzikadiria kutokana na muda ambao nozeli za injini hukaa wazi. Ukitaka kujua odometa imepotoka kiasi gani, linganisha umbali wake na wa GPS, usilinganishe mwendo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu spidomita izidishe mwendo na inakataza isipunguze, ndiyo maana watengenezaji huiacha izidishe kidogo tangu kiwandani. Tairi kubwa hula akiba hiyo. Wengine hugundua siku wanapopigwa tochi.

Kuna jambo moja ambalo hesabu yangu ya juu imeliruka, nalo ni hali ya matairi yaliyotolewa. Watu hubadilisha yakiwa yamekaribia kipara. Mpira ukilika kutoka milimita 8 hadi 1.6, kipenyo hupungua 12.8 na kubaki 763.5, na hapo odometa ilikuwa ikimzidishia mwenye gari kilomita. Ile 10 aliyoizoea ilikuwa kama 9.83. Ukiiweka kando ya 9.72, malalamiko ya 0.6 yamebaki 0.11. Hata angefunga saizi ileile ya zamani, ikiwa mpya, dashibodi ingeshuka.

Anayefunga tairi dogo kuliko la kiwandani hupata kinyume chake: kilomita kwa lita zinapanda, naye anajisifu kwa kubana matumizi. Odometa inakimbia mbele ya gari, servisi inafika mapema, na siku ya kuuza mnunuzi anamkata bei kwa kilomita ambazo gari halikutembea.